Jinsi ya kuliandika upya tatizo lako mpaka lishikike: mwongozo kamili

Watu wengi wameshasikia kwamba maneno wanayotumia kuzungumzia shida zao yanaweza kuwabana au kuwafungua. Wanajaribu kuyabadili, inashindikana, wanaacha. Ukiwauliza walifanya nini, majibu yanajirudia. Mmoja aliacha kusema "tatizo" akaanza kusema "changamoto". Mwingine alisimama mbele ya kioo kila asubuhi akijiambia "mimi ni mshindi". Wa tatu alijikataza kulalamika, akawa anaumia kimya kimya.

Njia zote tatu zinakwama kwa sababu moja: zinaifanya sentensi iwe tamu zaidi, wakati kinachotakiwa ni iwe ya kweli zaidi. Sikiliza "changamoto" linavyotumika siku hizi. Kisima kimeharibika, mtu anasimama kwenye mkutano wa kijiji anasema "tuna changamoto ya maji", watu wanaitikia, mkutano unafungwa. Hakuna aliyetajwa, hakuna kifaa kilichotajwa, hakuna tarehe. Lakini akisema "pampu ya kisima cha shuleni imeharibika tangu Februari, na fundi anataka 240,000 kuitengeneza," hapo kila aliyekaa anajua pa kuanzia, hata kama sentensi yenyewe haina utamu wowote.

Mwongozo huu ni wa kuandika sentensi ya aina hiyo ya pili kuhusu jambo lako mwenyewe. Zipo hatua nane. Usiziruke, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

Yasiyotibiwa na kalamu

Mtu akikupiga, kazi yako si kutafuta namna bora ya kulisema hilo. Ni kutoka hapo na kupata msaada. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, namba 1195 inapokea simu za ukatili wa kijinsia, na katika nchi zote mbili 116 ni namba ya kuwasaidia watoto.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, au wiki zinapita huna usingizi wala hamu ya kula, nenda kituo cha afya umweleze mhudumu waziwazi. Hatua hizi zinaweza kwenda sambamba na matibabu. Haziwezi kuchukua nafasi yake.

Na aliyefiwa jana usimpe mwongozo huu. Kaa naye.

Vifaa

- Daftari na kalamu. Simu inakatiza kwa jumbe, na pia inafuta bila kuacha alama. Hapa unahitaji kuiona sentensi ya zamani na mpya kwenye ukurasa mmoja.
- Nusu saa ambayo hutaitwa.
- Ushahidi: daftari la madeni, jumbe za miamala ya simu, karatasi ya matokeo, kadi ya kliniki, chochote chenye tarehe na idadi. Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hawana wanapoanza, na bila hicho hatua ya 2 haitawezekana.
- Mtu mmoja unayemwamini na ambaye haogopi kukuambia "hapana, hiyo si kweli".

## Hatua ya 1: Iandike kama inavyotoka mdomoni

Andika shida yako kwa maneno yale yale unayomwambia rafiki usiku ukiwa umechoka. Usisahihishe, usiwe na adabu. Kama ni "nimechoka na huyu mtoto", andika hivyo.

Tutakwenda na mfano mmoja mpaka mwisho. Mama ana duka dogo la rejareja uswahilini. Sentensi yake ni hii:

"Biashara imekufa, madeni yameniua, mimi sina bahati na hela."

Sababu ya kuanza hapa: sentensi hiyo ndiyo inayomwendesha, hata kama haisemi mbele za watu. Ukiandika toleo la heshima utatengeneza toleo la heshima, na lile la kweli litabaki kichwani linaendelea na kazi yake.

Tahadhari: andika shida moja. Zikija tano, ziorodheshe zote, kisha chagua moja ambayo ikipungua nyingine zitapata nafuu. Hivi ndivyo linavyofanya kazi Benchi la Urafiki, huduma iliyoanzishwa Harare, Zimbabwe, na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Mabibi wa mtaani waliofunzwa wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mgonjwa anakuja na kile ambacho sisi tunakiita "kuwa na mawazo". Bibi anamsikiliza, anamsaidia kuorodhesha shida zake, kisha wanachagua moja na kuitafutia hatua. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa benchini walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo sasa limefika Malawi na Zanzibar. Wale mabibi hawatoi maneno ya faraja tu. Wanauliza "tuanze na lipi?"

Umefaulu ukiisoma sentensi yako na kusikia aibu kidogo. Maana yake umeandika ya kweli.

## Hatua ya 2: Tenga kilichotokea na hukumu

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kile ambacho mtu mwingine angeweza kukiona au kukihesabu. Kulia andika maana uliyoipa.

Katika sentensi ya mwenye duka, upande wa kushoto mwanzoni hauna kitu. "Imekufa", "yameniua", "sina bahati" vyote ni hukumu. Hapo ndipo ushahidi unapoingia. Anafungua daftari la dukani, anapitia jumbe za simu, na kushoto panajaa:

Mauzo ya siku yalikuwa karibu 90,000, sasa ni karibu 55,000, tangu duka jingine lifunguliwe kona ya pili. Wateja 14 wanadaiwa jumla ya 386,000. Watatu kati yao wana 261,000. Yeye mwenyewe anadaiwa 252,000, yaani marejesho sita ya 42,000 kila Jumatatu.

Tazama kilichotokea. Fedha iliyoko kwa wateja watatu inatosha kumaliza deni lake lote, na inabaki elfu tisa. Jambo hilo lilikuwa ndani ya daftari siku zote. Sentensi "madeni yameniua" ilikuwa imeyafunga madeni mawili tofauti, analodaiwa na analodai, kwenye furushi moja, na kila alipolitazama aliona mzigo tu.

Maneno ya kuwinda upande wa kulia ni: siku zote, kila mtu, hakuna hata mmoja, kamwe, kabisa, na kila "mimi ni" inayofuatwa na aibu: mimi ni mbumbumbu, mimi ni mkosi. Kwa kila neno la namna hiyo uliza: mara ngapi, lini, nani kwa jina? "Kila mtu ananicheka" mara nyingi hugeuka kuwa shemeji mmoja na jirani mmoja.

Usifute upande wa kulia. Hukumu nazo zinaonyesha pale panapouma. Zinahamishwa tu, zisikae kwenye kiti cha ushahidi.

## Hatua ya 3: Mrudishe mtendaji

Kiswahili kinaturuhusu kusimulia tukio zima bila kumtaja aliyelifanya. Hela zimeisha. Glasi imevunjika. Ndoa imeharibika. Deni limekuwa kubwa. Ni lugha nzuri ya kutunza amani mbele za watu, lakini ukiitumia na wewe mwenyewe unabaki na matukio yanayojitendea, na jambo linalojitenda huna pa kulishikia.

Andika upya kila sentensi ya kushoto ukiweka nani alifanya nini. "Deni limekuwa kubwa" inakuwa: "Nimeendelea kuwakopesha watu watatu sukari na unga kabla hawajalipa ya mwezi uliopita, kwa sababu naona haya kuwakatalia." Inauma, lakini kwa mara ya kwanza kuna kitu kinachoweza kuachwa.

Hapa wengi hukosea upande wa pili: wanajitwisha yote. Mtendaji si wewe kila mara. Aliyefungua duka kona ya pili si wewe. Bei ya mafuta ya kula hujaipandisha wewe. Mkulima aliyekosa mbolea kwa sababu haikufika ghalani kwa wakati asiandike "sikujipanga". Aandike: "Mbolea haikuletwa mpaka Januari, nami nilipanda Desemba." Ukimweka mtendaji asiye sahihi utatumia nguvu mahali pasipo na mlango, na dhuluma itapita ikiitwa uzembe wako. Shida nyingine dawa yake ni kikao cha wakulima au malalamiko ya maandishi kwa afisa mtendaji wa kata. Kujirekebisha peke yako hakutazigusa.

Ukimaliza, kila tukio liwe na jina la mtu au chombo, na kando ya kila jina weka alama: hili lipo mikononi mwangu, hili halipo, hili lipo nusu.

## Hatua ya 4: Badili kitenzi

Kwa hatua hii usiwe na haraka.

Linganisha: "Sielewi hesabu" na "Sijaelewa vipeo na logi." Ya kwanza inaeleza mtu alivyo. Ya pili inaeleza alipofikia. Ile -ja- inaacha mlango wazi bila kusema uongo, kwa sababu haidai kwamba ameelewa, wala haidai kwamba ataelewa kesho. Vivyo hivyo: "Hatuelewani na mume wangu" na "Hatujaelewana kuhusu ada ya shule." "Mtoto hasomi" na "Mtoto hajafungua daftari tangu Jumamosi."

Kisha -me- na -li-. Kijana aliyepata sifuri kidato cha nne akisema "nimefeli", tukio bado liko juu yake leo. Akisema "nilifeli Novemba", limewekwa siku yake na leo ni siku nyingine, ambayo anaweza kuuliza ada ya kurisiti ni kiasi gani na usajili unafungwa lini. Kufeli ni kule kule. Kilichobadilika ni mahali anaposimama anapokutazama kufeli huko.

Na hu-. "Mimi hukasirika ovyo" ni tabia ya kudumu. "Jana nilimfokea dada dukani mbele ya wateja" ni tendo, na tendo linaombewa radhi.

Sababu ya hatua hii: mtu hafanyi bidii ya kubadili kile anachoamini ndicho alivyo. Lakini anaweza kubadili kile ambacho hajakifanya bado.

Tahadhari ya kwanza: -ja- isiyo na kazi nyuma yake inageuka kuwa kitanda. Mtu anaweza kusema "sijaanza" miaka kumi. Kwa hiyo kila "sija-" lazima ifuatwe na mambo mawili: nilichokwisha kufanya, na kinachofuata. "Sijawaendea wale wateja watatu. Nimeshaandika kiasi cha kila mmoja. Bado kuamua naanza na nani."

Tahadhari ya pili: kuna mahali ambapo kitenzi kifupi, kikavu, kisicho na -ja-, ndicho kinachosaidia. Ni pale unapokataa kishawishi. Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt walichapisha mwaka 2012 utafiti uliolinganisha watu wanaojiambia "siwezi" na wanaojiambia "mimi sifanyi". Wa pili ndio waliovishinda vishawishi zaidi. Mantiki yake inaeleweka kwetu. "Siwezi kukukopesha leo" inamwalika mteja abishane: kwa nini, kidogo tu, nitakuletea jioni. "Sikopeshi kabla ya deni la nyuma kuisha" ni utaratibu wa duka, na watu huzoea utaratibu. Kwa hiyo: unapojifunza, sema sija-. Unapokataa, sema si-.

## Hatua ya 5: Kagua picha iliyojificha

Karibu kila sentensi ya shida ina picha ndani yake: vita, mzigo, kifo, shimo, safari. Picha hiyo inakupangia cha kufanya kabla hujafikiri. Biashara "iliyokufa" inazikwa, haifanyiwi hesabu.

Mfano mzito zaidi tunao hapa kwetu. Miaka ya nyuma mtu aliyepimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI alisemwa mtaani kuwa "amekanyaga miwaya" au "ana ngoma". Anayekanyaga miwaya ya umeme amekwisha pale pale, hakuna kliniki ya mtu wa namna hiyo. Wenyewe walisimama wakataka waitwe watu wanaoishi na VVU. Tanzania ilianza kutoa dawa bure mwaka 2004, na dawa zikaitwa za kufubaza. Tazama maneno hayo mawili: kuishi, kufubaza. Hakuna uongo ndani yake. Virusi havijaondoka, na hakuna aliyesema vimeondoka. Lakini anayeishi ana tarehe ya kliniki, na kinachofubazwa kinahitaji dozi ya kila siku kwa saa ile ile. Picha imebeba maelekezo ya matibabu.

Kwa hiyo tafuta picha iliyo kwenye sentensi yako, kisha uliza: mtu aliye ndani ya picha hii anafanya nini kesho asubuhi? Kama jibu ni "hakuna", badilisha picha, au iache kabisa ubaki na maneno makavu.

Si kila picha kali ni mbaya. Mikopo ya riba kubwa mtaani inaitwa kausha damu, na kwa mtu ambaye hajakopa jina hilo ni onyo zuri, limlinde. Lakini kwa ambaye ameshakopa, damu iliyokauka hairudi, ndiyo maana wengi wanakata tamaa wakiwa wamebakiza marejesho manne. Wa namna hiyo aandike idadi ya marejesho yaliyobaki, si jina la mkopo.

Umefaulu ukiweza kumsomea mtoto wa darasa la sita sentensi yako naye akakueleza kinachoendelea.

## Hatua ya 6: Liandike kwa hasara, kisha kwa kilichobaki

Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo kila anayefanya uamuzi wa fedha au afya angepaswa kulijua. Waliwapa watu kisa cha ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi moja liliambiwa mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, na wa pili ni bahati nasibu: nafasi moja kati ya tatu ya kuokoa wote, mbili kati ya tatu ya kutookoa yeyote. Asilimia 72 walichagua uhakika. Kundi la pili lilipewa hesabu zile zile, ila kwa maneno ya vifo: mpango wa kwanza watu 400 watakufa, wa pili nafasi moja kati ya tatu asife yeyote, mbili kati ya tatu wafe wote. Hapo waliochagua uhakika walikuwa asilimia 22 tu.

Tukilitazama jambo kama hasara, tunakimbilia kubahatisha. Hilo utaliona mtaani kila wiki. Anayejiambia "napoteza 35,000 kila siku" ndiye anayechukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, au anayeweka mkeka wa mpira kwa hela ya marejesho. Si kwamba hana akili. Sentensi yake imemsukuma pembeni.

Andika zote mbili, moja chini ya nyingine: "Nimepoteza mauzo ya 35,000 kwa siku." "Bado nauza 55,000 kwa siku." Zote ni kweli, na zote unazihitaji. Ya hasara inakuambia usibweteke. Ya kilichobaki ndiyo ya kuisoma wakati wa kuamua. Ukijikuta unavutiwa na jambo la pata potea, soma tena ya pili na usiamue mpaka kesho yake.

## Hatua ya 7: Ligeuze liwe swali lenye siku, ulisome kwa jina lako

Maswali ya "kwa nini mimi?" hayana mwisho, na majibu yake mengi ni ya kujilaumu au kumtafuta mchawi. Andika swali linaloanza na nani, nini, kiasi gani au lini, na ndani yake uweke siku. Mwenye duka sasa ana hili:

"Nawadai watu watatu 261,000, nadaiwa 252,000. Sijamwendea hata mmoja. Nimwendee nani kwanza kabla ya Jumatatu, na nimwombe kiasi gani?"

Sasa lisome kwa sauti, lakini badala ya "mimi" tumia jina lako. Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wanaojisemesha kwa jina lao, si kwa "mimi", hujitawala vizuri zaidi kabla ya jambo la kutisha kama kuhutubia. Kwetu hii ni rahisi, kwa sababu wengi tuna jina tunaloitwa kwa heshima. Mwenye duka ajisemeshe kwa lile la mtaani: "Mama Neema, unawadai watu watatu. Unaanza na nani?" Ushauri ambao mtu humpa jirani yake ni mtulivu kuliko anaojipa mwenyewe, na jina linamsogeza hapo kwenye nafasi ya jirani.

Kisha msomee yule mtu uliyemchagua mwanzoni. Usimuulize "unaonaje?" kwa sababu atakupa faraja. Muulize: "Ni neno gani hapa si la kweli?" Akilitaja, lirekebishe hapo hapo.

Dalili ya kufaulu ni mwili kutulia kidogo na mkono kutaka kufanya kitu. Ukisikia raha tupu bila kutaka kufanya lolote, umeandika shairi la kujifariji. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Lipeleke kwa mhusika

Sentensi iliyobaki daftarini haijamaliza kazi. Ikipelekwa vibaya nayo inaharibu. Mdaiwa wa kwanza wa mwenye duka ni mzee mstaafu, jirani wa siku nyingi, mwenye deni la 112,000. Akienda na sentensi ya hukumu, "Baba, wewe hulipi madeni," ameshamvunjia heshima na hela hataiona. Aende hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae."

"Ahsante baba, sikai sana, nimemwacha mtoto dukani. Nimekuja kwa ajili ya lile daftari letu. Mpaka jana imefika laki moja na kumi na mbili."

"Eeh, imefika huko?"

"Imefika baba, hii hapa uione. Nami nina marejesho kila Jumatatu, elfu arobaini na mbili. Nilikuwa naomba tupange pamoja. Elfu ishirini Jumapili hii, na elfu ishirini kila Jumapili mpaka iishe, itawezekana?"

"Mwanangu, pensheni haijaingia."

"Nimekuelewa baba. Kwa kawaida inaingia tarehe ngapi? Tuandike hapa hapa."

Chunguza kilichofanyika. "Daftari letu" limewaweka wawili upande mmoja, deni upande wa pili. Kiasi kimetajwa mapema, kabla ya maneno kuzunguka. Shida yake amesema kwa idadi, bila machozi wala vitisho. Na pensheni ilipotajwa, hakubishana nayo, aliiwekea tarehe. Ile "haijaingia" ya mzee ni -ja- ya kweli, inaheshimiwa, ila inaandikwa siku.

Kwa watoto wako utaratibu ni huo huo kwa ufupi. "Mvivu wewe" haina cha kutendwa. "Vyombo vya mchana havijaoshwa, na usiku tutavihitaji" ina kazi na saa.

Jiandae kwa kukataliwa. Mhusika akikataa kabisa, hilo nalo ni tukio la kuandikwa kushoto, na swali linabadilika: nani wa pili, au nimwone balozi wa nyumba kumi, au nimfute kwenye wanaokopeshwa?

## Ukikwama

"Nimeandika yote lakini bado naogopa." Hofu haiondolewi kwa amri ya "tulia". Alison Wood Brooks wa Harvard aliwajaribu watu kabla ya kuimba mbele ya wengine, kuhutubia na kufanya mtihani wa hesabu, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2014 yalionyesha kuwa waliojiambia wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie au wana wasiwasi. Moyo unadunda vile vile katika hali zote mbili, kwa hiyo ni rahisi kuupa jina jingine kuliko kuuzima. Ukiwa mlangoni kwa mzee sema: "Moyo unadunda kwa sababu leo nalimaliza."

"Ndugu zangu wanasema najidanganya." Waonyeshe upande wa kushoto wa ukurasa. Kama hauna kitu, wana haki.

"Nikiandika ukweli nakata tamaa zaidi." Mara nyingi umeishia hatua ya 2. Kuorodhesha bila kufika kwenye swali lenye siku kunaumiza bure. Kama huna muda wa kufika mpaka hatua ya 7, usianze leo.

"Sentensi mpya ilinisaidia wiki moja, sasa haina nguvu." Imechakaa kwa sababu hali imebadilika. Usiikariri kama dua. Fungua ushahidi uingize idadi mpya: mzee amelipa mara mbili, limebaki deni la 72,000, marejesho yamebaki manne. Swali nalo libadilike, maana la wiki iliyopita limeshajibiwa.

"Tatizo lenyewe haliwezi kubadilika." Kuna ugonjwa usiopona na mtu asiyerudi. Hapo swali lenye siku haliuhusu ugonjwa. Linahusu leo: nani atanipeleka kliniki Alhamisi, nani ajue, nani asijue, nile nini kabla ya dawa. Majibu ya maswali hayo hayaponyi, lakini Alhamisi itafika, na ni afadhali ifike ukiwa na wa kukusindikiza.